Kupumua polepole, yoga na maumivu: yanaposaidia, na wakati unapopaswa kwenda kituo cha afya

Asubuhi umebeba dumu la maji la lita 20 kutoka bombani, yaani kilo 20 kichwani au mgongoni. Mchana umelima kwa jembe. Usiku mgongo unauma na usingizi hauji. Ukimwambia jirani, huenda akakujibu kwa neno moja: vumilia.

Wengi wetu tumelelewa na neno hilo. Lakini kuna namna zaidi ya moja ya kuvumilia. Unaweza kukaza meno, kubana pumzi na kujifanya huna maumivu. Unaweza pia kulegeza mwili, kupumua polepole na kuyatazama maumivu bila kupigana nayo. Watafiti wamepima namna hizi, na matokeo yao yanaweza kukusaidia ukiwa nyumbani bila kutumia pesa yoyote. Makala haya yanaeleza yaliyogunduliwa, jinsi ya kuanza, na dalili ambazo hupaswi kuzivumilia hata siku moja.

Maumivu yanafanyaje kazi mwilini?

Ukijikata au ukishtua mgongo, mishipa ya fahamu hupeleka ujumbe kwenye uti wa mgongo, kisha kwenye ubongo. Ubongo ndio unaokufanya uhisi maumivu. Mwaka 1965 wanasayansi wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba katika uti wa mgongo kuna kitu kinachofanya kazi kama lango. Lango likifunguka sana, ujumbe mwingi hupita na maumivu huongezeka. Likifunguka kidogo, maumivu hupungua. Ndiyo maana ukijigonga goti unalisugua kwa mkono na kupata nafuu kidogo.

Ubongo nao unaweza kulifungua au kulibana lango hilo. Hofu, kukosa usingizi, na mawazo kuhusu ndugu waliobaki nyumbani huweza kuzidisha maumivu. Utulivu huweza kuyapunguza. Hii haina maana kwamba maumivu yako ni ya kuwazia au kwamba unajidai. Maumivu ni ya kweli, ila ukubwa wake hautegemei jeraha peke yake.

Watafiti hupima mambo mawili. La kwanza ni kizingiti cha maumivu, yaani pale joto au baridi inapoanza kuuma. La pili ni uvumilivu wa maumivu, yaani muda unaoweza kustahimili kabla ya kusema basi.

Utafiti umeonyesha nini?

Katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, Chantal Villemure, Catherine Bushnell na wenzao walilinganisha watu 14 waliofanya yoga kwa miaka mingi na watu 14 wasioifanya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Walipojaribiwa kwa baridi kali, watu wa yoga walistahimili kwa muda zaidi ya mara mbili ya wenzao. Sehemu ya ubongo iitwayo insula, inayohusika na kuhisi hali ya mwili wako kwa ndani, ilikuwa kubwa zaidi kwao.

Walipoulizwa walifanya nini wakati wa maumivu, majibu yalitofautiana. Wasiofanya yoga walijaribu kufikiria mambo mengine au kuyapuuza maumivu. Wanaofanya yoga walipumua, wakalegeza mwili, wakaangalia maumivu yalivyo na kuyakubali kwa muda ule. Kundi hili ni dogo, na utafiti wa kulinganisha watu namna hii hauthibitishi peke yake kwamba yoga ndiyo iliyoleta tofauti yote. Lakini unatuonyesha kwamba kupuuza siyo njia pekee ya kustahimili.

Utafiti mwingine uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2012 ulihusu kupumua peke yake. Watu 16 wenye afya walipumua polepole kwa namna mbili. Katika namna moja walifuata kipimo kwa makini, wakijitahidi wasikosee. Katika nyingine walipumua polepole huku wamejilegeza. Kizingiti cha maumivu kilipanda walipojilegeza tu. Somo lake ni rahisi: ukifanya zoezi hili kama mtihani, huenda lisikusaidie.

Kwa maumivu ya muda mrefu nafuu huwa ndogo zaidi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2010 uliangalia wanawake wenye fibromialjia, ugonjwa unaoumiza mwili mzima kwa miezi na miaka. Kupumua polepole kuliwasaidia zaidi wanawake wasio na ugonjwa huo kuliko wale walio nao.

Kuhusu mgongo, utafiti uliofanyika Boston, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2017 ulihusisha watu 320, wengi wao wa kipato cha chini. Baada ya wiki 12, waliofanya yoga hawakuwa nyuma ya waliotibiwa na wataalamu wa mazoezi ya viungo. Mwaka 2022 shirika la Cochrane lilikusanya majaribio 21 ya yoga kwa maumivu ya mgongo, yenye watu zaidi ya 2,000. Lilikuta nafuu ipo, lakini ni ndogo, na baadhi ya watu mgongo uliwauma zaidi baada ya mazoezi.

Utafiti mmoja ulifanyika karibu nasi. Katika makazi ya Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika jaribio la mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kukabiliana na msongo wa mawazo. Waliopewa mpango huo walikutana katika vikundi mara tano, wakasikiliza maelekezo yaliyorekodiwa na kufanya mazoezi, yakiwemo ya kujituliza wakati mawazo yanapozidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba msongo wao ulipungua zaidi kuliko wa wanawake ambao hawakupewa mpango huo. Jaribio hilo lilikuwa la kupima msongo, si maumivu ya mwili. Lakini mtu mwenye maumivu na msongo anajua jinsi kimoja kinavyokibebesha kingine mzigo.

Je, yoga inapingana na dini yangu?

Swali hili huulizwa na Wakristo na Waislamu, na ni la haki. Yoga ilianzia India, na huko inafungamana na imani za kale za nchi hiyo. Mazoezi yaliyoelezwa hapa hayana sala, wimbo wala maneno ya ibada. Ni kupumua na kunyoosha viungo. Kama jina la yoga linakusumbua, liache na ufanye mazoezi. Kama bado una wasiwasi, zungumza na kiongozi wako wa dini kabla ya kuanza.

Jinsi ya kupumua polepole

1. Kaa mahali palipo salama: kwenye kiti, mkeka, au dumu tupu lililopinduliwa. Egemea ukuta ukitaka. Weka nyayo zote mbili chini.
2. Shusha mabega. Achia taya, meno yasigusane.
3. Weka mkono tumboni. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo lijae kwanza.
4. Toa hewa taratibu ukihesabu hadi sita, kama mtu anayepoza uji bila kuumwaga.
5. Usibane pumzi katikati. Ukifuata hesabu hii utapumua kama mara sita kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20.
6. Endelea kwa dakika tano. Ukisikia kizunguzungu, acha na urudi kupumua kama kawaida.

Kama hesabu ya nne na sita ni ndefu kwako, tumia tatu na nne. Jambo la muhimu ni kutoa hewa kwa muda mrefu kuliko kuivuta, kwa sababu unapotoa hewa mapigo ya moyo hupungua kidogo na mwili hutulia.

Maumivu yakija wakati unapumua, usiyafukuze. Jiulize: yako wapi hasa? Yanachoma, yanabana au yanapiga kama ngoma? Kisha unapotoa hewa, legeza misuli iliyo karibu nayo. Fanya hivi asubuhi na kabla ya kulala, hata siku ambazo maumivu ni kidogo. Ni vigumu kujifunza jambo jipya usiku ambao maumivu yamezidi.

Mazoezi mawili mepesi ya mgongo

Paka: Piga magoti na uweke viganja chini, mgongo uwe kama meza. Unapotoa hewa, inua mgongo juu kama paka aliyeshtuka. Unapovuta hewa, ushushe polepole. Rudia mara nane.

Magoti kifuani: Lala chali kwenye mkeka. Vuta goti moja kuelekea kifuani, pumua mara tatu, kisha badilisha. Wajawazito waliopita miezi minne wasifanye zoezi hili la kulala chali.

Kunyoosha misuli kunaweza kuvuta kidogo, lakini hakupaswi kuchoma. Zoezi likiongeza maumivu, acha.

Mama anayejifungua

Katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu huduma wakati wa kujifungua, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kupumua kwa utulivu na kulegeza misuli kama njia mojawapo ya kupunguza uchungu kwa mama mwenye afya anayetaka msaada huo. Jifunze ukiwa bado mjamzito, na mfundishe pia mtu atakayekusindikiza ili akuhesabie. Hii haichukui nafasi ya mkunga. Uchungu ukianza, nenda kituo cha afya.

Mambo ya kuzingatia

- Kama umepitia vita, mateso au ukatili wa kingono, kufumba macho na kuusikiliza mwili kunaweza kurudisha kumbukumbu mbaya. Fumbua macho, tazama kitu kimoja mbele yako na uhisi nyayo zako chini. Kama bado inakutisha, acha. Hujakosea. Mweleze mshauri wa afya ya akili aliye katika makazi yenu.
- Kama una shinikizo la damu, ugonjwa wa macho uitwao glakoma, au wewe ni mjamzito, usibane pumzi kwa nguvu wala kufanya mazoezi ya kichwa chini miguu juu.
- Usiache dawa uliyoandikiwa kwa sababu umeanza mazoezi.
- Usiongeze dawa za dukani kiholela. Mtu mzima hapaswi kupita vidonge 8 vya parasetamoli vya miligramu 500 kwa saa 24. Diklofenaki ikimezwa kila siku kwa muda mrefu inaweza kuumiza tumbo na figo.

Usivumilie, nenda kituo cha afya mara moja kama:

- kifua kinabana au kinauma, hasa ukiwa na jasho au pumzi ikiwa fupi;
- mgongo unauma na miguu imekosa nguvu, sehemu za siri zimekufa ganzi, au umeshindwa kuzuia mkojo au choo;
- maumivu yameambatana na homa, shingo ngumu, degedege au kuchanganyikiwa;
- kichwa kimeuma ghafla kuliko ulivyowahi kuhisi maishani;
- wewe ni mjamzito na una maumivu makali ya tumbo, unatoka damu, au kichwa kinauma na macho yanaona ukungu;
- umeanguka, umepigwa au umepata ajali.

Nenda pia kama maumivu yamezidi wiki chache, yanakuamsha kila usiku, au unapungua uzito bila sababu.

Ukifika, sema hivi

Kupumua vizuri kunaweza kukufanya uonekane mtulivu, na mtu mtulivu anaweza kudhaniwa haumwi sana. Kwa hiyo eleza waziwazi: maumivu yako wapi, yalianza lini, yanaongezeka ukifanya nini, na yanakuzuia kufanya kazi gani. Taja ukubwa wake kwa namba kutoka 0 hadi 10, ambapo 0 ni hakuna maumivu na 10 ni makali kuliko yote unayoweza kufikiria. Taja dawa zote ulizotumia, pamoja na za kienyeji. Kama huelewi lugha ya muuguzi, omba mkalimani.

Ukiwa Uganda, unaweza kuanza kwa kumwona VHT wa kijiji chako. Ukiwa Kenya au Tanzania, muulize mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lako. Mtu yeyote akikuambia uvumilie ilhali una dalili mojawapo kati ya zilizotajwa hapo juu, mwonyeshe orodha hii na umwombe akusindikize.