Mgema na Mti Wake

Kila Mkenya aliyepitia shule ya msingi anaijua methali ya mgema: akisifiwa, tembo hulitia maji. Tumeiandika kwa insha mpaka tukasahau kwamba inahusu biashara halisi, yenye wateja, ubora na sifa inayoweza kuharibika kwa siku moja. Mgema hakuwa na lebo wala tangazo. Alikuwa na jina lake tu, na kijiji kizima kilichojua kuonja.

Nilisomea biashara chuoni miaka miwili kabla ya kuacha. Neno lililorudiwa zaidi darasani lilikuwa uendelevu, na mifano yote ilikuwa ya kampuni za ng'ambo. Hakuna aliyemtaja mgema wa Kaloleni, jamaa ambaye mtaji wake wote umesimama juu ya shina la mnazi.

Hebu tuanze na mti wenyewe. Mnazi mrefu wa pwani huchukua kama miaka 6 hadi 8 kabla ya kuzaa, kisha huweza kuendelea kwa miaka 60 na zaidi. Karibu kila mwezi hutoa karara jipya, na hapo mwenye mti huamua: aliache lizae nazi, ama alifunge na kuligema. Karara linalogemwa halizai. Mgema hupanda asubuhi na jioni, kotama kiunoni, anakata ncha kipande chembamba, anatundika kibuyu na kushuka. Akikata kwa pupa, karara linaisha mapema. Akigema makarara yote, hana nazi ya kuuza wala ya mbegu.

Utomvu hutoka ukiwa mtamu. Chachu huanza kazi papo hapo; kufikia jioni ni pombe, na baada ya siku chache ni siki. Huwezi kuurundika stoo ukingoje bei ipande. Soko lako ni majirani wa leo. Kwa hivyo anayetaka kukua kwenye biashara hii ana njia moja tu: kuwa na miti mingi, na kuwa na subira.

Lakini nani aliruhusiwa kupanda? Hapa ndipo historia inauma.

Utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi ya 1908, ambayo ilifungua mlango kwa waliokuwa na madai yanayotambulika na serikali ya kikoloni. Wamijikenda wengi na waliokuwa watumwa wakabaki maskwota kwenye mashamba ya wengine. Mwanahistoria Frederick Cooper, katika kitabu chake cha 1980 kuhusu maisha hayo, anaonyesha kwamba wenye mashamba waliwaachia maskwota walime mahindi na mihogo, ila si kupanda miti. Sababu ni kwamba pwani, mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwingine. Mahindi huvunwa baada ya miezi michache, dai likaisha. Ukipanda mnazi, umesema wajukuu wako watakuwa hapa.

Ukiingia bara kidogo, kwa Wagiriama wa Kaloleni, watu walikuwa na minazi yao. Mwanaanthropolojia David Parkin aliandika kuwahusu mwaka 1972. Minazi na mashamba viliuzwa na kuwekwa rehani, na ugomvi ukizuka, ushahidi wa wazee ndio uliokuwa hati. Anayetaka kujilimbikizia miti aliwahitaji wazee, na wazee walikutana kwenye matanga na harusi, tembo likipita. Parkin anaeleza pia wafanyabiashara vijana waliougua, wakaambiwa wana pepo la Kiislamu, wakasilimu. Dini iliwapa sababu ya heshima ya kutokunywa na wenzao, huku wakinunua minazi kwa ajili ya mbata. Hata hivyo bado walihitaji mashahidi. Si ajabu hiyo? Tembo uliloliacha ndilo lililowaleta pamoja wanaojua mti ni wako.

Halafu serikali ikaingia na jicho moja tu, la pombe. Mwaka 1980 chang'aa ikapigwa marufuku kwa sheria yake maalumu. Sheria ya 2010 ikaifuta hiyo, ikaleta leseni na masharti. Mnazi si chang'aa, haupikwi wala kutoneshwa, lakini msako ukifika mangweni, vibuyu humwagwa bila kuulizana ni vya nini.

Kinachomwagika pale ni pombe ya siku moja. Hasara kubwa huja baadaye, mwenye shamba akipiga hesabu. Mti usioweza kumpa pesa ya leo kwa amani una thamani nyingine: mbao. Mnazi uliokatwa hulipa mara moja, na wa kuuchukua nafasi yake utamsubirisha miaka saba hivi.

Ndiyo maana naona leseni ni nusu ya mazungumzo. Nusu nyingine ni hati ya shamba na miche. Hakuna mtu atakayetunza mti ambao kesho unaweza kuwa wa mwingine, hata umfundishe uendelevu mwaka mzima. Kwa hivyo siku utakapouziwa mnazi Mtwapa ama Mariakani, usiishie kuuliza kama umetiwa maji. Muulize mgema miti ni ya nani, na ni lini mara ya mwisho mtu alipanda mmoja.