Sig Ruman: sura unaijua, jina hulijui

Wadau, wikendi hii nilijifungia ndani na filamu za zamani za Hollywood, zile za rangi nyeusi na nyeupe. Nikajikuta namfuatilia mtu ambaye wala siyo staa. Mzee mnene, macho ya kutoka nje, akikasirika mashavu yote yanatikisika. Anaitwa Sig Ruman. Kama unapenda filamu hizo lazima umeshamuona, ila jina hukulishika.

Alizaliwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1884. Vita Kuu ya Kwanza aliitumikia ndani ya jeshi la Kaisari, kisha mwaka 1924 akahamia Marekani. Alianzia kwenye majukwaa ya New York, halafu mwaka 1935 akatokea na wale ndugu wachekeshaji wa familia ya Marx katika A Night at the Opera. Tangu hapo kazi yake ikawa hiyo: kucheza mheshimiwa anayejiona, ili wenzake wamvue heshima yake mbele ya watu.

Sasa ngoja niwaambie kilichonigusa. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, wasanii wengi, hasa Wayahudi, waliikimbia Ujerumani. Baadhi yao walipofika Hollywood, lafudhi yao iliwapatia kazi ya kuigiza Wanazi wale wale waliowafukuza! Ruman hakuwa mkimbizi, alishafika miaka tisa kabla. Lakini mwaka 1942 alikutana na wakimbizi hao katika To Be or Not to Be, filamu ya Ernst Lubitsch, mzaliwa wa Berlin. Mmoja wao ni Felix Bressart, Myahudi aliyeondoka Ujerumani mwaka 1933.

Humo Ruman ni Kanali Ehrhardt, bosi wa Gestapo mjini Warsaw. Anacheka utani unaomhusu Hitler, ghafla anashtuka kwamba ameponzwa na kicheko chake. Kila akiharibu, anamfokea msaidizi wake, Schultz.

Wapo wahakiki waliokasirika wakati ule: mji umepigwa mabomu, nyinyi mnaleta vichekesho? Nawaelewa. Ila mimi naona Ehrhardt anafundisha kitu. Utawala wa hofu hauendeshwi na mashetani peke yao. Unaendeshwa pia na waoga wenye vyeo, wanaotetemeka kwa aliye juu na kumtupia lawama aliye chini. Watu wa aina hiyo tunawajua, au siyo?

Cha kuchekesha, mwaka 1953 katika Stalag 17 Ruman aliigiza sajenti wa Kijerumani anayelinda mateka. Jina la sajenti? Schulz!

Alifariki mwaka 1967 huko California akiwa na miaka 82, baada ya filamu zaidi ya 100. Hakuwahi hata kuteuliwa kuwania Oscar.

Haya wadau, nanyi nitajieni mwigizaji mnayemkumbuka kwa sura tu. Leo tumtafutie jina lake.