Mwenye Jeraha Ndiye Mwenye Haki
Kesi za kupigana Gazi, toka enzi za Sheikh Mbaruk mpaka leo



Ramadhan ni mwezi wa kuzuia tumbo, ulimi na mkono. Hata hivyo mkono huponyoka. Vijana hushikana uwanjani, jirani humvaa jirani kwa sababu ya mpaka wa shamba, mume humpiga mkewe. Na neno la kwanza tunalolisikia huwa ni lile lile: "Tuyamalize nyumbani." Ni neno zuri. Lakini hiyo haki tunayoimaliza ni ya nani? Tuitazame historia ya hapa hapa kwetu, inshaallah jibu tutalipata.

Enzi za Sheikh Mbaruk

Ukifika Gazi utaonyeshwa nyumba ya Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyekuwa na nguvu mjini hapa mpaka vita vyake na Waingereza vya 1895. Aprili 1896 alivuka mpaka akaingia upande wa Wajerumani, akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Zama hizo miji ya Waislamu pwani ilihukumiwa kwa sharia, na makadhi wa Kishafii walitegemea sana kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi. Majirani zao Wadigo, kwenye makaya kama Kinondo, walikuwa na wazee wao waliosikiliza ugomvi na kutoza faini.

Je, fiqhi yasemaje kuhusu mtu aliyepigwa? Msingi uko katika Suratul Maida, aya ya 45: jeraha lina kisasi kinacholingana nalo, na anayesamehe hufutiwa madhambi. Kisasi kisipowezekana, au kikiachwa, huja diya. Roho ya mtu ni ngamia 100. Kidole kimoja ni ngamia 10, jino moja ngamia 5, na jeraha la kichwa au uso lililofika mfupani ngamia 5. Kofi lisiloacha alama halina bei maalumu. Hilo kadhi humtia mpigaji adabu kwa kadiri aonavyo, ndiyo taazir.

Sasa zingatia hapa ndugu yangu. Anayechagua baina ya kisasi, diya na msamaha ni yule aliyeumizwa. Imepokewa na Bukhari kwamba Rubayyi' bint Nadhr alimvunja msichana jino. Jamaa zake wakaomba msamaha na kutaka kulipa diya, wenzao wakakataa. Mtume (S.A.W.) akaamua kisasi. Hakumwambia mwenye jino "yaache tu yaishe." Baadaye watu wa yule msichana waliridhia wenyewe, basi yakaisha kwa wema.

Na asubuhi ya Badr, mwezi kama huu wa Ramadhan, Ibn Is'haq anasimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alipokuwa akinyoosha safu alimgusa Sawad bin Ghaziyya tumboni kwa mshale. Sawad akasema ameumia na anataka haki yake. Mtume akafunua tumbo lake mwenyewe ili alipizwe. Sawad akalibusu. Kiongozi wa umma hakujificha nyuma ya cheo chake!

Lakini tusiipambe historia. Pwani yetu ilikuwa na watumwa, na mtumwa akijeruhiwa fidia ilikwenda kwa bwana wake. Utumwa ulifutwa kisheria huku kwetu mwaka 1907.

Kesi yahamia kwa serikali

Waingereza walipotawala, mwaka 1897 walileta Kanuni ya Adhabu ya Bara Hindi. Kadhi, liwali na mudir waliachwa na mahakama zao kwa Waislamu wa pwani, na liwali na mudir wakaendelea na makosa madogo madogo. Tarehe 1 Agosti 1930 ikaanza Kanuni ya Adhabu ambayo, pamoja na marekebisho mengi, ndiyo tunayohukumiwa nayo mpaka leo. Mwaka 1967 mahakama za liwali na mudir zikaondolewa. Kadhi akabakishiwa ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu binafsi, na Katiba ya 2010, kifungu cha 170, ikamwacha hapo hapo. Manake kadhi aweza kuvunja ndoa ya mke anayepigwa, lakini hawezi kumfunga huyo mume.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kesi ikawa si yako tena. Jina lake sasa ni "Jamhuri dhidi ya fulani", na wewe uliyevunjwa jino ni shahidi tu.

Sheria ya leo

Kumpiga mtu bila kumuumiza ni hadi mwaka 1 jela (kifungu cha 250). Ukimwachia maumivu ya mwili ni hadi miaka 5 (kifungu cha 251). Ukimdhuru vibaya, ni hadi kifungo cha maisha (kifungu cha 234). Adhabu ya viboko mahakamani ilifutwa mwaka 2003.

Wengi hawajui kuwa mlango wa fidia haukufungwa. Sheria ya Mwenendo wa Jinai, kifungu cha 175, inamruhusu hakimu kuamuru mkosaji amlipe aliyeumizwa. Kifungu cha 176 kinamruhusu kuwapatanisha wenye kesi ndogo za kupigana, hata kwa malipo. Tena waweza kumshtaki aliyekupiga kwa madai ya fidia, ndani ya miaka 3.

Kabla ya kukaa kitako

Kwa hiyo kijana mwenzangu, ukipigwa nenda hospitali kwanza, kisha polisi uandikishe na uchukue fomu ya P3 ijazwe na daktari. Mazungumzo yatafuata. Usikubali kuambiwa uchelewe "mpaka wazee wakutane." Jeraha hupona, ushahidi ukapotea, na ukabaki huna cha kudai wala cha kusamehe.

Nanyi wazee wetu tunaowaheshimu, sulhu ni ibada, lakini aliyeumizwa awepo, asemeshwe wa kwanza, na aweze kusema hapana. Mke aliyenyamaza kwa kuogopa kufukuzwa hajasamehe. Na mtoto aliyeharibiwa, hilo si la kikao kabisa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 yalipeleka mahakamani.

Msamaha ni zawadi, na zawadi hutolewa na mwenye mali. Mwenyezi Mungu atukubalie saumu zetu na aizuie mikono yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.