Neukölln: Mtaa wa wageni unaopandishwa bei na wageni wapya

MTANZANIA anayetafuta chumba kaskazini mwa wilaya ya Neukölln, jijini Berlin, hukutana na jina analolijua. Karibu na uwanja wa Hermannplatz ipo barabara ya Lucy Lameck, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa ngazi ya uwaziri nchini Tanzania. Hadi mwaka 2021 barabara hiyo ilikuwa na jina la Hermann von Wissmann, ofisa aliyeongoza majeshi ya Kijerumani kuzima upinzani wa Abushiri bin Salim katika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1889.

Hata hivyo, jina hilo halimpunguzii mtu kodi ya pango.

Neukölln ni moja ya wilaya 12 za Berlin, na tangu zamani imejengwa na watu wa kuja. Mwaka 1737 Wakristo wa Kiprotestanti waliokimbia mateso huko Bohemia walipewa ardhi katika kijiji cha Rixdorf, jina lililobadilishwa kuwa Neukölln mwaka 1912. Baada ya mkataba wa Ujerumani Magharibi na Uturuki wa mwaka 1961, walifika wafanyakazi wa viwandani, kisha Wapalestina na Walebanoni waliokimbia vita. Tangu mwaka 2015 wameongezeka Wasyria, na leo barabara ya Sonnenallee imejaa maduka yenye vibao vya Kiarabu.

Wote hao walifuata unafuu. Ukuta wa Berlin ulipita ukingoni mwa wilaya hiyo hadi mwaka 1989, na nyumba zake nyingi zilikuwa kuukuu, nyingine zikitumia majiko ya makaa ya mawe kupasha joto. Mwaka 2006 wilaya hiyo ilijulikana nchini kote kwa sababu ya shule ya Rütli, ambayo walimu wake waliandika barua wakisema vurugu za wanafunzi zimewashinda.

Miaka michache baadaye mambo yaligeuka. Uwanja wa ndege wa Tempelhof ulifungwa Oktoba 2008, na mwaka 2010 ukafunguliwa kuwa bustani ya umma. Kelele za ndege zilizokuwa zikiwakosesha usingizi wakazi wa mtaa wa Schillerkiez zikakoma, na utulivu huo ukapata bei. Wasanii na wanafunzi walitangulia. Nyuma yao wakaja wataalamu wa kompyuta kutoka Marekani, Uingereza, Hispania na Italia. Wazee wa Kituruki waliitwa wafanyakazi wageni kwa miongo kadhaa, lakini kijana aliyefika jana na kompyuta ya mkononi, asiyejua neno la Kijerumani, hupewa jina la heshima zaidi.

Jinsi kodi inavyopanda ndiko kwenye kiini cha mgogoro. Mpangaji wa zamani ana mkataba usio na kikomo, na kodi yake haiwezi kupandishwa ovyo. Faida ya mwenye nyumba huja mpangaji huyo anapoondoka. Sheria ya mwaka 2015 iliweka kikomo katika mikataba mipya, yaani asilimia 10 juu ya kodi ya kawaida ya eneo husika. Lakini sheria hiyo haikuhusu nyumba zinazopangishwa kwa matumizi ya muda mfupi, wala haikumlazimisha mwenye nyumba kutaja thamani ya samani alizoweka ndani.

Hapo ndipo mgeni anaponaswa. Hana kumbukumbu za ulipaji madeni ambazo wenye nyumba hudai, hajui kodi ya kawaida ni ipi, na anahitaji kulala mahali fulani wiki hii. Huchukua chumba chenye kitanda na meza kwa bei yoyote. Nyumba hiyo inakuwa imetoka katika soko la kawaida, na familia inayotafuta makazi karibu na shule ya watoto wake haiwezi kuifikia tena.

Mgeni anapaswa pia kujiandikisha katika ofisi ya wakazi ndani ya siku 14 baada ya kuhamia, akiwa na barua ya mwenye nyumba. Wanaopangisha kwa siri mara nyingi hukataa kuitoa, na bila usajili huo ni vigumu kupata hata namba ya kodi ya mapato. Fedha za dhamana hazipaswi kuzidi kodi ya miezi mitatu, bila gharama za maji na joto, na zinaweza kulipwa kwa awamu tatu.

Serikali ya jiji ilijaribu njia kali zaidi. Februari 2020 ilisimamisha kodi za nyumba nyingi katika kiwango cha Juni 2019, lakini Aprili 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria hiyo kwa kuwa suala hilo lilikuwa chini ya mamlaka ya bunge la taifa. Baadhi ya wapangaji wakatakiwa kulipa tofauti ya miezi iliyopita. Septemba mwaka huo wapiga kura wengi wa Berlin waliunga mkono makampuni makubwa ya nyumba kutwaliwa kwa fidia, ingawa kura hiyo haikuibana serikali kisheria.

Kwa mpangaji aliyekwisha kutia saini, njia iliyo wazi ni kupinga kodi kwa maandishi. Kwa mikataba iliyofungwa tangu Aprili 2020, akifanya hivyo ndani ya miezi 30 ya mwanzo na madai yake yakakubaliwa, hurudishiwa alichozidishiwa tangu siku ya kwanza. Chama cha wapangaji cha Berlin, kilichoanzishwa mwaka 1888, huwasaidia wanachama wake kukagua mikataba, wenyeji na wageni.