John Kirk: Daktari aliyekuta dawa ya moyo kwenye sumu ya mshale

Ukitoka Uyole, Mbeya, ukashika barabara ya Tukuyu hadi Kyela, unafika Ziwa Nyasa. Mwaka 1859 daktari kijana kutoka Scotland, John Kirk, alifika ncha ya kusini ya ziwa hilohilo akiwa na David Livingstone. Kazi zake zilikuwa mbili: kutibu wagonjwa wa msafara na kukusanya mimea.

Alikotoka
Kirk alizaliwa Desemba 19, 1832, kijiji cha Barry. Alihitimu udaktari Edinburgh mwaka 1854, akafanya kazi hospitalini Uturuki wakati wa Vita vya Crimea, kisha mwaka 1858 akajiunga na msafara wa Mto Zambezi.

Mwaka 1860 mtumbwi wake ulipinduka kwenye maporomoko ya Kebrabasa. Alinusurika kufa maji, lakini daftari zake na michoro ya mimea vikaenda na mto.

Sumu yenye faida
Wawindaji wa huko walipaka mishale yao sumu iitwayo kombe, itokanayo na mmea unaotambaa. Kirk alihifadhi kiasi. Siku moja sumu hiyo ikagusa mswaki wake. Alipopiga mswaki alisikia uchungu mdomoni, na mapigo ya moyo yakapungua. Kumbe sumu ile inafanya kazi kwenye moyo!

Mmea huo ulichunguzwa Edinburgh na Profesa Thomas Fraser, na mwaka 1885 akaitambulisha dawa yake kwa wagonjwa wa moyo. Kitaalamu unaitwa Strophanthus kombe. Jina la wenyeji limebaki, kwa sababu wao ndio walioanza kuujua.

Zanzibar
Mwaka 1866 Kirk alihamia Zanzibar kama daktari wa ubalozi wa Uingereza, baadaye akawa balozi mdogo. Juni 5, 1873, Sultani Barghash, akitishiwa kuzingirwa na manowari za Uingereza, alisaini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kuzuia kuwasafirisha baharini. Utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1897.

Jina lake leo
Kima punju wa Unguja ana jina la Kirk kwenye jina lake la kisayansi. Hata digidigi wa Hifadhi ya Ruaha, Iringa, naye analo.

Kirk aliondoka Zanzibar mwaka 1886. Alifariki Uingereza Januari 15, 1922, akiwa na miaka 89.