Kura, Bambo na Mhusika

"Mhusika? Kwani kumetokea nini?"

Ndivyo mama mmoja muuza mchele wa soko la Soweto, hapa Mbeya, alivyomjibu mpwa wangu siku ya kwanza ya utafiti wake. Binti anasoma chuo Iringa, na likizo hii amekuja kwangu na dodoso la kurasa mbili. Anataka kulinganisha wahusika wa vichekesho vya runinga wanaopendwa na wanafunzi wenzake na wale wanaopendwa na watu wasiokaa darasani. Wenzake alikwisha kuwauliza. Soweto akakwama kwenye swali la kwanza kabisa: "Ni mhusika yupi wa sitkomu unayempenda zaidi?" Mchana akarudi nyumbani, akaniamkia, akaweka makaratasi mezani. "Mjomba, nimekosea wapi?"

Kisarufi hakukosea popote. Yule mama naye hakukosea. Nje ya darasa la fasihi, mhusika ni mtu wa barua za ofisini na taarifa za polisi. Barua imfikie mhusika. Wahusika watachukuliwa hatua. Lori likipinduka mlima Kitonga tunauliza wahusika ni akina nani, na hatuulizi kwa sababu tunawapenda. Neno limetoka kwenye kitenzi husika, na anayehusika ana jambo la kujibu. Mtu akisimama mbele ya magunia yako na kalamu mkononi, akakutajia mhusika, una haki ya kutaka kujua kosa kwanza.

Shuleni neno hilohilo linaishi maisha mengine. Tangu sekondari tunafundishwa mhusika mkuu na wahusika wasaidizi, mhusika bapa asiyebadilika na mhusika duara anayekua kadiri hadithi inavyokwenda. Mgawanyo wa bapa na duara tuliupokea kutoka kwa Mwingereza E. M. Forster, aliyeueleza mwaka 1927, na walimu wengi wameufundisha kana kwamba ubapa ni upungufu. Vichekesho vinakataa. Mzee mbishi ambaye wiki baada ya wiki ananaswa na ujanja wake mwenyewe, asijifunze kitu, ndiye tunayemngoja tukiwa tumeshaanza kutabasamu. Siku akijifunza, kipindi kimekwisha. Ninachohofia ni kwamba mwanafunzi aliyepata alama zake kwa kuwasifu wahusika duara, akiona neno mhusika kwenye karatasi, atajibu kwa kichwa kilichofanya mtihani. Moyo wake hautaulizwa.

Mtaani kuna istilahi ya tatu, nami naipenda kwa dhati. Kwenye vibanda umiza, tulikokaa juu ya mabenchi tukitazama filamu za nje zilizotiwa maelezo ya Kiswahili na watu kama Lufufu wa Dar es Salaam, hakukuwa na mhusika mkuu. Kulikuwa na stelingi, na mbele yake adui. Stelingi hafi. Watoto wa Mwanjelwa waliijua kanuni hiyo kabla hawajajua kusoma. Neno lilitoka kwenye Kiingereza, likakaa katika Kiswahili bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Lakini nalo halimfai mpwa wangu, maana stelingi hupendwa kwa kushinda, na mtu wa vichekesho tunampenda kwa namna anavyoshindwa.

Halafu kuna ugumu ambao hakuna istilahi moja itakayoumaliza. Katika vichekesho vyetu mwigizaji na mhusika hugawana jina. Kundi la Ze Comedy lilipoanza kuonekana EATV, na baadaye lilipohamia TBC likiitwa Ze Orijino Komedi, nchi nzima ilimjua Joti. Joti huyohuyo leo alikuwa bibi kizee, kesho mtoto wa shule, na bado aliitwa Joti. Jina halikuwa la bibi wala la mtoto. Lilikuwa la mtu anayewavaa wote wawili. Kenya, kwenye Vitimbi, marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, aliitwa Mzee Ojwang' mpaka barabarani. Kwa Mr. Bean mambo yamegeuka: kila mtu hapa anamjua Bean, na ukimtaja Rowan Atkinson watakuuliza huyo ni nani. Sasa mwanafunzi mmoja akiandika "Mr. Bean" na dereva wa bajaji pale Kabwe akisema "Joti", wamejibu maswali mawili tofauti. Wa kwanza ametaja mtu wa kubuni, wa pili ametaja msanii. Ukiwaweka kwenye jedwali moja utaona tofauti kubwa kati ya wasomi na wasiosoma, na huenda tofauti hiyo imezaliwa na swali lako.

Binti alikuwa na mfano wake wa nje. Mwaka 2001 Channel 4 ya Uingereza ilitoa orodha ya wahusika 100 bora wa runinga, na wa kwanza akawa Homer Simpson, katuni ya Kimarekani. Mwaka 2004 BBC ikauliza kuhusu vipindi, tena vya Uingereza tu, kikashinda Only Fools and Horses, Blackadder kikafuata. Alizileta orodha hizo kunionyesha kwamba ladha ya watu haitabiriki. Mimi niliona kitu kingine. Ukiuliza mtu, unapewa mtu. Ukiuliza kipindi, unapewa kipindi.

Sitkomu nilimwomba ailaze pembeni. Si kwa kuwa ni neno la kigeni, kwani runinga zenyewe zimetuletea komedi na tumeizoea. Ni kwa kuwa tunayo maneno na tumeyasahau kwa sababu yalikuja yakiwa majina ya vipindi. Redio Tanzania ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi. Kenya walikuwa na Vitimbi na Vioja Mahakamani. ITV ikatupa Mizengwe, na Star TV ya Mwanza ikatupa Futuhi, neno ambalo wanafunzi wa fasihi hulikuta vitabuni pamoja na ramsa. Watayarishaji hawa walikuwa wanaistilahi wazuri kuliko kamati nyingi. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limefanya kazi kubwa ya kusanifu maneno, nami naiheshimu. Lakini neno kitimbi lilikuwa tayari limekaa mahali pake. Kitimbi ni hila ndogo inayomzunguka mwenye hila. Kila juma nyumba ileile, majirani walewale, hila mpya. Hicho ndicho kitu chenyewe, na ningefurahi kuona vitabu vya shule vikiandika "tamthilia ya vitimbi" badala ya kuhangaika na "komedi ya hali", ambayo inanukia hospitali.

Kilichonikosesha usingizi ni kichwa cha dodoso: "Kura ya maoni ya wanafunzi na kura ya maoni ya wananchi."

Kura ya maoni kwetu ni jambo zito. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni kuhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na siku nne baadaye, 4 Agosti, Wakenya wakapiga yao kuhusu katiba. Bara, kila uchaguzi unapokaribia, kura za maoni ni zile za ndani ya chama za kuwapata wagombea, na watu wamegombana na ndugu zao kwa ajili hiyo. Ukimwendea mtu wa Soweto na neno hilo, atakutazama kwanza shati lako lina rangi gani. Nadhani ndiyo maana Twaweza, walipoanza mwaka 2013 kuwauliza watu kwa simu hali ya maisha yao, waliita kazi yao Sauti za Wananchi. Kura hawakuigusa.

Ila ukilifuata neno kura hadi lilikotoka, unakuta jambo linalopendeza. Katika Kiarabu ni kile kinachochanganywa na vingine ili bahati iamue, na Kiswahili cha zamani kilipiga kura kwa maana hiyohiyo: nani aanze, nani apate fungu lipi. Kuchagua kiongozi kulikuja baadaye. Basi utafiti mzuri wa maoni unayo kura kweli, lakini haimo kwenye jibu. Imo kwenye kumpata wa kumuuliza. Unaiachia bahati ikuchagulie nyumba ya kuingia, ili usiwaulize marafiki zako tu. Wale Waingereza wa mwaka 2004 walijitokeza wenyewe kwa sababu walikuwa na kipindi wanachokipenda. Hakuna kura iliyowaangukia. Mpwa wangu naye aliwauliza wanafunzi wa bweni lake. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo mjomba, mimi sikupiga kura hata moja."

Na wananchi? Neno hilo nililifuta kwa mkono wangu. Mwanafunzi ni mwananchi pia. Vijana waliopita JKT Mafinga wana neno uraiani, lakini lina ukuta ndani yake, na "wanafunzi wa Iringa" wenyewe wametoka Kagera, Mtwara na Pemba. Nusu ya mwaka hawapo Iringa. Tukaandika "wanafunzi" na "wasio wanafunzi", basi.

Kesho yake nikamsindikiza Soweto. Yule mama alikuwa anapokea magunia ya mchele wa Kyela. Alikuwa na kichuma chenye ncha na uwazi katikati, anakichoma kwenye gunia, punje zinateremkia kiganjani, anazitazama, anatafuna mbili. Akachoma juu, akachoma ubavuni, akamwambia kijana aligeuze gunia, akachoma chini.

"Shikamoo mama. Hicho kinaitwaje?" binti akauliza.

"Marahaba mwanangu. Bambo."

"Kama yule mchekeshaji?"

"Kama yule." Mama akacheka. "Ukichoma juu peke yake umeliwa. Mchele mzuri ndio unaowekwa juu."

Binti akanigeukia, nami nikaona kwamba somo la jana usiku, lililonichukua saa nzima na kamusi tatu, yule mama amelimaliza kwa sentensi mbili. Sampuli, nasibu, kiwakilishi: yote yalikuwa mle kiganjani mwake. Akaandika bambo pembezoni mwa dodoso, kisha akasoma swali jipya tulilolitengeneza kwenye meza ya chai. "Mama, ni nani kwenye vichekesho vya runinga, ukimwona tu unaanza kucheka hata kabla hajasema?"

Mama hakufikiri. "Majuto."

"King Majuto alifariki, mama. Mwaka 2018."

"Najua. Nilimlilia, na ninamwombea." Akapangusa bambo kwenye khanga. "Lakini yule mzee wa kwenye runinga bado ananichekesha. Andika huyo."

Nafasi ya jibu ilikuwa ya jina moja tu. Binti akaandika "Majuto", akasita, kisha akabana herufi ndogo mwishoni mwa mstari: "yule wa kwenye runinga".