Randa, landa

randa nm [i-/zi-]: zana ya seremala yenye kisu kilichopachikwa katika kiunzi cha mti au chuma, itumiwayo kulainisha mbao. Neno lina asili ya Kiajemi na limo pia katika Kihindi. Husemwa *kupiga randa*. Vinyoleo vitokavyo ni *maranda*, yale ambayo wafugaji hutandaza katika mabanda ya kuku. *Kurandaranda*, yaani kuzurura, ni neno jingine.

Huko Ngara na Biharamulo neno hili humtega mwandishi. Kihangaza, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kirundi, hakitenganishi /l/ na /r/ kama Kiswahili, hivyo *landa* husikika badala ya *randa*. Katika mazungumzo ya karakana hakuna anayepotea. Katika maandishi, hasara ni kubwa, kwa kuwa *landa* ni kufanana, na *landana* ni kuwiana. Tazama maelezo ya kufufua randa kuukuu:

*Ondoa kutu kwa msasa. Tandika msasa mwingine juu ya kioo, usugue uso wa chini wa randa hadi unyooke. Noa kisu kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30, kisha ukirudishe, makali yake yalandane na uso huo, yakichomoza kidogo tu. Piga randa kwa kufuata nyuzi za mbao. Ukienda kinyume, mbao hubanduka vibanzi.*

Hapo *randa* na *yalandane* yamo katika maelezo yale yale. Mtafsiri anayesahihisha kila /l/ kuwa /r/ ataandika *yarandane*, na fundi hatajua kisu kikae vipi.